Iodini katika maziwa: mchango wa lishe ya ng'ombe na usafi wa kiwele

Vikombe viwili vya maziwa vinaweza kufanana kwa rangi, kwa ladha na hata kwa mafuta, lakini kimoja kikawa na iodini mara tano au zaidi ya kingine. Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Mizani na kipimo cha uzito wa maziwa anachotumia karani wa ushirika haviwezi kuigundua. Hata hivyo, chanzo chake mara nyingi ni mambo mawili yaliyo mikononi mwa mfugaji mwenyewe: kile anachomwekea ng'ombe horini, na namna anavyosafisha kiwele na chuchu kabla na baada ya kukamua.

Suala hili linawagusa wakazi wa Nyandarua kwa karibu. Kaunti hii ni miongoni mwa zile zinazozalisha maziwa mengi nchini, na watoto wengi hapa hulelewa kwa maziwa ya ng'ombe wa nyumbani. Maziwa yanayopelekwa kiwandani huchanganywa na ya mamia ya wafugaji wengine, kwa hivyo upungufu wa boma moja hufidiwa na boma jingine. Familia inayokunywa maziwa ya ng'ombe wake mmoja haina fidia hiyo. Ng'ombe akikosa iodini, mama na watoto wa boma hilo watapata kidogo. Dawa ya chuchu ikiachwa iingie kwenye ndoo, wao ndio wa kwanza kuinywa.

Kwa nini mwili unahitaji iodini

Iodini, ambayo wengine huiita madini joto, huhitajika mwilini kwa kiasi kidogo mno. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, mikrogramu 250 kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, mikrogramu 120 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na mikrogramu 90 kwa mtoto mdogo kuliko hao. Mikrogramu 1,000 ni sawa na miligramu moja tu. Mtu akiishi miaka 70, iodini yote aliyoihitaji maishani haijazi kijiko kimoja cha chai.

Kiasi hicho kidogo kina kazi kubwa. Tezi iliyo upande wa mbele wa shingo, iitwayo thairoidi, hukitumia kutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji, joto la mwili na kasi ya kazi za viungo. Mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo, hutegemea homoni za mama yake ili ubongo wake ujengeke sawasawa. Mama akipungukiwa na iodini, mimba inaweza kuharibika, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa amefariki, au akazaliwa hai lakini akapata shida ya kujifunza ambayo haitarekebishika baadaye.

Dalili inayojulikana zaidi ni uvimbe wa shingo uitwao rovu, au goita kama wengi wanavyousema. Rovu hutokea pale tezi inapofura ikijaribu kunasa iodini chache iliyopo kwenye damu. Zamani uvimbe huo ulionekana sana katika nyanda za juu za Kenya. Ndiyo sababu tangu mwaka 1978 sheria ya nchi imeagiza chumvi ya kupikia iongezwe iodini, na hatua hiyo bado ndiyo kinga kuu ya taifa.

Iodini ikizidi mno nayo hudhuru. Tezi inaweza kuanza kufanya kazi kupita kiasi au, kinyume chake, ikalegea. Wanaoathirika haraka ni watoto wachanga, wajawazito na watu wenye maradhi ya tezi. Kwa hivyo lengo la mfugaji si kuongeza iodini kwenye maziwa kadiri awezavyo, bali kuhakikisha kiasi chake ni cha wastani na hakibadilikibadiliki.

Iodini hufikaje kwenye maziwa

Ng'ombe ana tezi kama ya binadamu na anaihitaji iodini kwa kazi zilezile. Anapokula, iodini hupita tumboni na kuingia kwenye damu. Kutoka hapo, sehemu moja huchukuliwa na tezi ya shingo, nyingine hutoka kwa mkojo, na nyingine hunaswa na kiwele na kumwagwa ndani ya maziwa. Ni kana kwamba kiwele na tezi vinagombania iodini ileile. Kwa kuwa safari hii ni fupi, mabadiliko ya chakula cha ng'ombe huanza kuonekana katika maziwa baada ya siku chache tu.

Njia ya pili haipitii tumboni. Dawa nyingi za kuchovya chuchu zimetengenezwa kwa iodini. Ikibaki kwenye ngozi wakati wa kukamua, huoshwa na maziwa hadi ndooni. Sehemu ndogo pia hupenya ngozi ya chuchu na kuingia mwilini.

Vipimo vilivyofanywa katika nchi mbalimbali vimeonyesha maziwa yenye chini ya mikrogramu 50 za iodini kwa lita, na mengine yenye zaidi ya mikrogramu 500. Hesabu rahisi inaonyesha maana ya tofauti hiyo. Kikombe cha robo lita cha maziwa yenye mikrogramu 50 kwa lita humpa mnywaji mikrogramu 12 hivi. Kikombe hichohicho kikitoka kwenye maziwa yenye mikrogramu 200 kwa lita humpa mikrogramu 50, yaani theluthi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Maziwa yakiwa na mikrogramu 600 kwa lita, kikombe kimoja kinatosha siku nzima. Mtoto wa miaka miwili akinywa nusu lita ya maziwa hayo atapata mikrogramu 300, ilhali wataalamu wa Ulaya na Marekani wameweka mikrogramu 200 kwa siku kuwa kikomo cha mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu.

Iodini hukaa katika sehemu ya maji ya maziwa, si katika mafuta. Kuondoa malai hakuipunguzi sana, lakini kuyachanganya maziwa na maji huipunguza kama kunavyopunguza virutubisho vingine. Kuchemsha maziwa ni lazima ili kuua viini vya magonjwa, lakini mfugaji asitegemee moto kuondoa dawa ya chuchu iliyoingia ndooni.

Kinachowekwa horini

Iodini nyingi ya dunia imo baharini. Katika maeneo ya milima, mvua na mmomonyoko huosha iodini kutoka kwenye udongo, na nyasi haziwezi kuwa na kitu ambacho udongo hauna. Nepia, mabua ya mahindi na nyasi kavu hushibisha ng'ombe na kumpa nguvu, lakini si vyakula vya kutegemewa kwa iodini. Ng'ombe anayelishwa hivyo bila madini anaweza kutoa maziwa mengi yenye iodini kidogo sana.

Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji takriban nusu miligramu ya iodini kwa kila kilo ya chakula, kikipimwa bila maji yake. Chukua mfano wa ng'ombe anayekula kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Anahitaji miligramu sita hivi. Mfugaji akinunua madini ya unga ambayo lebo yake inaonyesha miligramu 60 za iodini kwa kilo, gramu 100 kwa siku zitampa ng'ombe huyo miligramu hizo sita. Madini yenye iodini mara mbili ya hiyo yatahitaji nusu ya kipimo hicho. Ndiyo maana ni muhimu kusoma lebo na kutumia mizani au kipimo kinachojulikana badala ya kukisia kwa kiganja.

Wafugaji wengine hutumia chumvi ya jikoni wakiamini inatosha. Chumvi hiyo imepimwa kwa mahitaji ya binadamu. Gramu 30 za chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo hutoa chini ya miligramu moja, ambayo haikaribii miligramu sita. Magadi nayo ni kitu tofauti. Ng'ombe huyapenda, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya madini yaliyoongezwa iodini kwa kipimo kinachojulikana.

Jiwe la chumvi la kulamba lina faida, ila lina udhaifu wake. Ng'ombe mmoja hulamba sana na mwingine hulamba kidogo. Likiachwa kwenye mvua na jua, iodini yake hupungua taratibu hata kama jiwe lenyewe bado ni kubwa. Liwekwe chini ya paa, kwenye kishikizo kilicho mbali na mkojo na samadi. Madini ya unga yafungwe vizuri na kuhifadhiwa mahali pakavu. Lebo ikionyesha kwamba iodini iliyotumika ni ayodeti ya potasiamu au ya kalsiamu, hiyo ni dalili njema, kwa kuwa aina hizo hustahimili hali ya hewa kuliko nyingine.

Msimu pia una athari yake. Mvua zikinyesha na majani yakiwa tele, wafugaji wengi hupunguza chakula cha dukani pamoja na madini kwa sababu maziwa yanatoka vizuri. Kiasi cha maziwa hakishuki, lakini iodini ndani yake hushuka. Madini yasikatizwe kwa sababu ya majani mabichi.

Kwa upande mwingine, chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa mara nyingi huwa tayari kimeongezwa madini. Mfugaji anayetoa kilo nyingi za chakula hicho, akaongeza madini ya unga, kisha akaweka na jiwe la kulamba, anaweza kupita kiasi bila kujua. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu tano kwa kila kilo ya chakula cha ng'ombe wa maziwa ili kuwalinda wanywaji. Ng'ombe aliyezidishiwa sana hutokwa na machozi, kamasi na mate mengi, hukohoa, na ngozi yake huwa na magamba. Kamwe asiwekewe dawa ya vidonda yenye iodini kwenye maji ya kunywa.

Kabeji na jamaa zake

Wafugaji wa Kinangop na sehemu nyingine zinazolima mboga wana bahati ya kuwa na chakula cha bei nafuu baada ya mavuno. Majani ya nje ya kabeji, mabaki ya sukuma wiki na mboga zilizokosa soko huishia horini. Chakula hiki kina protini na maji mengi, na hakuna haja ya kukitupa. Ila kina tabia moja ambayo mfugaji anapaswa kuifahamu.

Mimea ya jamii ya kabeji ina viambata ambavyo, vikisagwa mdomoni na tumboni mwa ng'ombe, hutoa kemikali iitwayo thayosayaneti. Kemikali hiyo hutumia mlango uleule ambao iodini huutumia kuingia kwenye tezi na kwenye kiwele. Mlango ukishikwa, iodini hubaki nje na hatimaye hutoka kwa mkojo. Matokeo yake ni mawili kwa wakati mmoja: ng'ombe mwenyewe hupungukiwa, na maziwa yake hupungukiwa zaidi. Mashudu ya mbegu za mimea ya jamii hiyo, kama vile kanola, hufanya vivyo hivyo. Huko Ulaya, ambako mashudu hayo hutumika sana, imeonekana kwamba yanaweza kupunguza iodini ya maziwa kwa nusu au zaidi hata pale ng'ombe anapopewa madini.

Majani na maganda ya muhogo hutoa kemikali hiyohiyo kwa njia nyingine. Lusina, mti wa lishe unaostawi katika maeneo ya joto, una sumu yake tofauti iitwayo mimosini. Ikivunjwavunjwa tumboni, hutoa kemikali inayozuia tezi kufanya kazi. Ng'ombe akilishwa lusina kupita kiasi hunyonyoka manyoya na tezi yake hufura. Anayeagiza majani hayo kutoka kaunti za chini ayachanganye na nyasi, yasizidi sehemu ndogo ya chakula cha siku.

Ushauri wa wataalamu wa lishe ya mifugo ni kwamba mimea ya jamii ya kabeji ikifika robo ya chakula kikavu cha ng'ombe, kiasi cha iodini anachopewa kiongezwe mara mbili au zaidi. Hilo humsaidia ng'ombe, lakini si lazima liyarudishe maziwa katika hali yake, kwa kuwa mlango wa kiwele bado umeshikwa. Njia iliyo bora ni kuifanya kabeji iwe ya kuongezea tu: ichanganywe na nepia au nyasi kavu, isiwe chakula kikuu kwa wiki nyingi mfululizo, na itolewe baada ya kukamua ili harufu yake isiingie kwenye maziwa. Ng'ombe mwenye mimba apunguziwe zaidi.

Dawa ya chuchu: kinga isiyofaa kuachwa wala kumwagwa ovyo

Baada ya ng'ombe kukamuliwa, tundu la chuchu hubaki wazi kwa nusu saa hadi saa moja. Viini vikiingia hapo husababisha ugonjwa wa kiwele, ambao hupunguza maziwa, huyaharibu na wakati mwingine huua robo nzima ya kiwele. Kuchovya chuchu kwenye dawa mara tu baada ya kukamua hupunguza maambukizi mapya yanayotoka kwa ng'ombe mmoja hadi mwingine kwa nusu au zaidi. Hii ndiyo sababu dawa ya iodini isiachwe kwa hofu ya kuongeza iodini kwenye maziwa. Ng'ombe mgonjwa ni hasara kubwa zaidi, na maziwa yenye mabaki ya viuavijasumu ni hatari nyingine kwa mnywaji.

Tatizo hutokea pale dawa inapobaki kwenye chuchu wakati wa kukamua. Dawa nyingi za kuchovya huwa na iodini ya asilimia 0.5 au asilimia 1. Dawa ya asilimia 0.5 ina miligramu tano katika kila mililita moja. Tuseme ng'ombe anatoa lita 10 kwa mkamuo mmoja, na mkamuaji hakupangusa chuchu vizuri, hivi kwamba mililita moja tu ya dawa ikaingia ndooni. Kila lita itakuwa imeongezewa mikrogramu 500 za iodini. Hata tone dogo, ambalo ni kama sehemu ya ishirini ya mililita, huongeza mikrogramu 25 kwa kila lita. Dawa ya asilimia 1 huongeza mara mbili ya hapo.

Uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya nchi zinazofuga kwa wingi umeonyesha mwelekeo unaofanana. Dawa inayopakwa kabla ya kukamua huongeza iodini kidogo sana ikiwa chuchu zitapanguswa zikauka, lakini huongeza nyingi zikipanguswa nusunusu. Dawa inayopakwa baada ya kukamua huongeza kidogo, kwa sababu ina saa nyingi za kukauka na kuanguka kabla ya mkamuo unaofuata, mradi chuchu zioshwe wakati huo ukifika. Kunyunyizia dawa kwa chupa ya kupulizia huongeza zaidi kuliko kuchovya kwa kikombe, kwa kuwa dawa husambaa kwenye kiwele chote.

Hatua za kukamua kwa usafi

Utaratibu ufuatao unalinda kiwele na maziwa kwa pamoja:

1. Mkamuaji anawe mikono kwa sabuni na maji safi, na akate kucha. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele akamuliwe mwisho.

2. Chuchu zioshwe kwa maji safi yenye uvuguvugu. Kiwele chote kisilowanishwe bila sababu, kwani maji machafu huteremka hadi kwenye chuchu.

3. Matone ya kwanza ya kila chuchu yakamuliwe kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi au chujio ili kuona kama kuna madonge, damu au majimaji. Yasikamuliwe sakafuni wala kiganjani.

4. Anayetumia dawa kabla ya kukamua achovye chuchu, asubiri takriban nusu dakika, kisha apanguse kila chuchu hadi ikauke, hasa ile ncha yenye tundu. Kila ng'ombe awe na kitambaa chake safi au karatasi ya kutupwa. Kitambaa kimoja kwa ng'ombe wote hueneza ugonjwa.

5. Mafuta ya kukamulia yatumike kidogo tu, na yasichanganywe na dawa ya chuchu.

6. Ng'ombe akamuliwe haraka na kwa upole hadi maziwa yaishe. Ikiwa ndama hunyonya ili kuteremsha maziwa, chuchu zioshwe tena na kukaushwa kabla ya mkamuaji kuanza. Ndama amalize kunyonya kabla ya dawa ya mwisho kupakwa, ili asiilambe.

7. Mara baada ya hapo, kila chuchu ichovywe kwenye kikombe cha dawa. Dawa iliyobaki kikombeni imwagwe. Isirudishwe kwenye chupa.

8. Ng'ombe apewe chakula ili asimame kwa muda wa saa moja hivi hadi tundu za chuchu zifunge.

9. Ndoo na mikebe ya aluminiamu au ya chuma kisichoshika kutu isuguliwe kwa sabuni na kusuuzwa vizuri. Ikiwa dawa ya iodini imetumika kusafishia vyombo, visuuzwe kwa maji safi hadi rangi na harufu yake viishe.

Dawa ikinunuliwa, inunuliwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu. Lebo yake huonyesha asilimia ya iodini na kama ni ya kuchanganywa na maji au la. Dawa ya kusafishia sakafu au vyombo isitumike kwenye chuchu kwa sababu tu ina rangi ya kahawia inayofanana. Zipo pia dawa za chuchu zisizo na iodini, kama vile zenye klorheksidini au asidi ya maziwa. Anayezitumia hukinga kiwele bila kugusa iodini ya maziwa, kwa hivyo iodini yote ya maziwa yake itategemea kinachowekwa horini.

Funzo kutoka nchi nyingine

Nchini Uingereza, rovu ilipungua katika karne iliyopita bila serikali kulazimisha chumvi kuongezwa iodini. Wafugaji walianza kuwapa ng'ombe madini yenye iodini ili wazae vizuri, dawa za chuchu zenye iodini zikaenea, na watu wakahimizwa kunywa maziwa. Hakuna aliyekuwa amepanga matokeo hayo. Hadi leo maziwa ya nchi hiyo huwa na iodini nyingi zaidi wakati wa baridi, ng'ombe wanapolishwa vyakula vya kuongezewa zizini, kuliko wakati wa kiangazi wanapokula nyasi malishoni.

Kisiwa cha Tasmania nchini Australia kilionja pande zote mbili. Katika miaka ya 1960, dawa za iodini zilipoanza kutumika kwenye ufugaji wa maziwa na mkate ukaongezwa iodini, idadi ya watu waliopata ugonjwa wa tezi kufanya kazi kupita kiasi ilipanda. Miaka ya baadaye, viwanda na wafugaji wa Australia walipoacha dawa hizo, iodini katika maziwa ilishuka na upungufu ukarudi. Mwaka 2009 nchi hiyo ililazimika kuagiza chumvi yenye iodini itumike kuokea mikate. Uamuzi uliofanywa zizini uligeuka kuwa suala la afya ya taifa mara mbili, na mara zote mbili watu hawakuwa wameutarajia.

Familia ifanye nini

Maziwa ni nyongeza. Chumvi yenye iodini ndiyo nguzo. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo, ikitumika kwa kiasi hicho, humpa mtu mikrogramu 150 anazohitaji. Kwa hivyo hakuna haja ya kuzidisha chumvi. Kinachohitajika ni kununua pakiti iliyoandikwa kuwa ina iodini, kuihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko mbali na moto na unyevu, na kuitia chakula kikikaribia kuiva.

Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema na kueleza anachokula. Anayekunywa vinywaji vya soya au vya nafaka badala ya maziwa ajue kwamba vingi havina iodini ila vikiongezwa. Mwenye uvimbe wa shingo, mapigo ya moyo ya kasi au uchovu usioeleweka aende hospitalini akapimwe. Asijitibu kwa kunywa matone ya iodini au kwa kubadilisha maziwa.

Dalili za kuangalia zizini

Mfugaji anaweza kushuku upungufu wa iodini ndama wakizaliwa wakiwa dhaifu, wamekufa, hawana manyoya ya kutosha au wana uvimbe chini ya koo. Ng'ombe wanaotupa mimba, wanaochelewa kutoa kondo la nyuma au wasioshika mimba kwa urahisi pia wachunguzwe, ingawa matatizo hayo yana sababu nyingine nyingi, baadhi yake zikiwa magonjwa yanayoambukiza watu. Ndama aliyekufa asishikwe kwa mikono mitupu. Daktari wa mifugo aitwe kabla ya kuzikwa kwake.

Katiba ya Kenya, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mifugo. Kwa hivyo mfugaji mwenye swali kuhusu madini, kabeji au dawa ya chuchu ana haki ya kumwendea afisa wa mifugo wa wadi yake. Akienda, abebe lebo ya madini, lebo ya chakula cha dukani na chupa ya dawa ya chuchu, na ajue takriban kilo za kila chakula anachotoa kwa siku. Kwa vitu hivyo, afisa anaweza kufanya hesabu ya iodini papo hapo na kumweleza kama ng'ombe wake anapungukiwa, anatosheka au amezidishiwa.

Vyama vya ushirika navyo vinaweza kusaidia kwa kununua madini kwa pamoja, ili wanachama wote watumie aina moja inayojulikana, na kwa kuwafundisha wakamuaji. Mara nyingi anayekamua si mwenye ng'ombe. Ni mfanyakazi, kijana wa nyumbani au bibi wa boma. Huyo ndiye anayeshika kitambaa na kikombe cha dawa kila alfajiri, na yeye ndiye wa kwanza kuelezwa kwamba nusu dakika ya kupangusa chuchu ni sehemu ya chakula cha mtoto atakayekunywa maziwa hayo.